Nyumba Ndani ya Mkoba

Kila dola ina mlango wake, na kila mlango una bawabu. Haki ya dola kumwuliza mgeni atokako, aendako na achukuacho ni haki ya kale. Bandari haikujengwa bila forodha, na forodha haikuwekwa bila mtu wa kufungua masanduku. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wajua jambo hili kwa majina ya mitaa yao wenyewe: Forodhani ya Unguja yaitwa hivyo kwa sababu ya forodha iliyokuwa hapo. Mwaka 1833 Sayyid Said alipofanya mkataba wa biashara na Marekani, ushuru wa bidhaa zitakazoshushwa na merikebu za Kimarekani uliwekwa kuwa tano katika mia. Wafanya biashara wa Salem, mji ulio karibu na Boston katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja marobota ya nguo ambayo hata leo twaiita merikani, wakarudi kwao na pembe na sandarusi. Forodha ilihesabu marobota ikapima na pembe. Haja yake ilikuwa mali.

Katika zama zetu msafiri ashukaye uwanja wa ndege hachukui marobota. Achukua mkoba, na ndani ya mkoba mna kompyuta mpakato, na mfukoni mna simu. Kompyuta hiyo ina uzito wa ratili chache tu, lakini ndani yake mna barua za miaka kumi, hesabu za fedha, picha za watoto, maandishi yasiyokwisha, majina ya rafiki, maneno ya daktari, na maswali ambayo mtu aliiuliza mashine usiku kwa kuwa aliona haya kumwuliza mwanadamu mwenziwe. Afisa wa forodha akikifungua kitu hiki, je, amefungua sanduku au ameingia nyumbani?

Insha hii yakusudia kufuata historia ya swali hilo katika Marekani, nchi ambayo imelibishania hadharani kwa muda mrefu. Yakusudia pia kuonyesha ya kuwa jibu si geni kama lidhaniwavyo. Watu walioiandika sheria ya kwanza ya forodha ya nchi hiyo walikwisha kutenga chombo na nyumba, na kila kimoja wakakipa kanuni yake. Hawakuweza kujua kwamba siku moja nyumba itajifunza kusafiri.

Mwaka 1760 Massachusetts ilikuwa koloni la Mwingereza. Wafanya biashara wa Boston walikuwa hodari wa kukwepa ushuru, hasa ushuru wa asali ya miwa iliyotoka katika visiwa vya Wafaransa vya Karibi. Ili kuzuia magendo, watu wa forodha walipewa hati zilizoitwa hati za msaada. Hati ya namna hiyo ilimwezesha afisa kuingia mchana katika nyumba, duka au ghala yoyote, kuvunja mlango na sanduku akizuiwa, na kuwaamuru watu wengine wamsaidie. Haikutaja nyumba ya nani, wala kitu kinachotafutwa, wala sababu ya kukitafuta. Ilidumu maisha yote ya mfalme na miezi sita baada ya kufa kwake.

Mfalme George wa Pili alikufa tarehe 25 Oktoba 1760. Hati zote zikawa hazina budi kufanywa upya, na wafanya biashara 63 wa Boston wakaenda mahakamani kupinga. James Otis, mwanasheria aliyekuwa na cheo cha serikali katika mahakama ya mambo ya bahari, alikiacha cheo chake ili asizitetee hati hizo, akasimama upande wa wafanya biashara bila ya kutaka malipo. Mwezi wa Februari 1761 alisema mbele ya majaji kwa saa nyingi. Alidai ya kuwa nyumba ya mtu ni ngome yake maadamu ametulia ndani yake, na ya kuwa hati impayo kila afisa mdogo ruhusa ya kuingia kila nyumba yauweka uhuru wa kila mtu katika mkono wa mtu yeyote.

Yafaa kuangalia vema jambo ambalo Otis hakulisema. Hakusema ya kuwa serikali haina haki ya kupekua. Alikubali hati maalumu: hati itajayo nyumba moja, kwa kitu kimoja, baada ya mtu kuapa mbele ya hakimu kwamba ana shaka na kueleza sababu ya shaka yake. Sisi Waswahili tuna neno la jambo hili, nalo ni hodi. Hodi haimkatazi mtu kuingia. Yamlazimisha aseme yeye ni nani na amefuata nini kabla ya kuvuka kizingiti, na asiyeitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Serikali haiwezi kurudi kila isipoitikiwa, maana wezi wasingeitika kamwe. Kwa hiyo hodi yake hupigwa kwa hakimu, naye huitika au hukataa kwa niaba ya mwenye nyumba. Hati maalumu ilikuwa hodi ya serikali. Hati ya msaada ilikuwa kuingia bila hodi.

Otis alishindwa. Jaji Mkuu Thomas Hutchinson aliiahirisha kesi ili aulize desturi ya London, na jibu lilipokuja, mwezi wa Novemba 1761, hati zikatolewa kama zamani. Lakini katika chumba kile alikuwamo kijana wa miaka 25 aliyekuwa akiandika aliyoyasikia. Jina lake John Adams. Kijana huyo alikuwa rais wa pili wa Marekani, na katika uzee wake alishuhudia ya kuwa uhuru wa nchi yake ulizaliwa siku ile, mbele ya macho yake, kwa maneno ya mtu aliyeshindwa kesi.

Wakati huo huo London nayo ilikuwa na kesi yake. Novemba 1762 wajumbe wa mfalme, kwa amri ya waziri, waliingia nyumbani kwa mwandishi aitwaye John Entick, wakakaa muda wa saa nne wakivunja makufuli na kufungua maandishi, kisha wakachukua karatasi zake. Entick aliwashtaki. Mwaka 1765 Lord Camden alihukumu kwamba hapana sheria katika Uingereza iliyowapa watu hao ruhusa. Katika hukumu yake alizitenga karatasi na mali nyingine. Alieleza ya kuwa karatasi ni miongoni mwa mali ambayo mtu huipenda kuliko zote. Kutazama peke yake kwa sheria si kosa la kuingia, lakini pale siri za karatasi zinapochunguzwa na kuchukuliwa, dhara huzidi. Watu wa Boston walizungumza habari ya mlango. Camden aliongeza habari ya maandishi yaliyo nyuma ya mlango.

Mambo haya mawili, nyumba na karatasi, yaliingia pamoja katika katiba. Badiliko la Nne la Katiba ya Marekani, lililothibitishwa mwaka 1791, lawahifadhi watu katika nafsi zao, nyumba zao, karatasi zao na vyombo vyao dhidi ya upekuzi usio wa haki, tena lataka hati itoke kwa kiapo na itaje mahali na kitu. Lakini Bunge lile lile lililolipendekeza badiliko hilo lilikuwa limepitisha, tarehe 31 Julai 1789, sheria ya ushuru wa forodha. Na katika kifungu kimoja cha sheria hiyo twaona jinsi watu wale walivyopima. Afisa wa forodha mwenye sababu ya kushuku kwamba bidhaa zimefichwa katika merikebu, aliruhusiwa kuingia na kupekua bila hati. Afisa huyo huyo, akishuku kwamba bidhaa zimefichwa katika nyumba, ilimpasa kwenda kwa hakimu, kuapa, kupewa hati, na kuingia mchana tu. Merikebu yaweza kutweka tanga na kutoweka, nyumba haikimbii. Merikebu ni njia ya bidhaa. Nyumba ni kao la mtu.

Wanasheria wa serikali ya Marekani wamekitaja kifungu hicho mara nyingi ili kuonyesha ya kuwa upekuzi wa mpakani bila hati ni wa zamani kama taifa lenyewe. Wasema kweli. Walakini aghalabu hukitaja nusu. Nusu ya pili, ile ya nyumba, nayo ni ya zamani kama taifa lenyewe. Na hata nusu ya kwanza ilimtaka afisa awe na sababu ya kushuku.

Kwa miaka mingi tofauti hiyo haikumtaabisha mtu, kwa kuwa mpakani hakukuwa na nyumba. Palikuwa na masanduku tu. Kanuni ya mpaka ikakua. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya bahasha zilizotoka Thailand. Mtu wa forodha mjini New York aliziona zimenenepa kuliko barua, akazifungua, akakuta heroini. Mahakama ikahukumu kwamba upekuzi wa mpakani ni wa haki kwa sababu hiyo moja, kuwa wafanyika mpakani. Hukumu hiyo ndiyo nguzo ya yote yaliyofuata. Lakini nguzo hiyo ilisimama juu ya jiwe ambalo husahauliwa: kanuni za wakati ule zilimkataza afisa kusoma barua iliyo ndani ya bahasha pasipo hati ya hakimu, na mahakama iliitaja kanuni hiyo katika kueleza kwa nini ufunguzi haukudhuru uhuru wa kusema. Afisa aliruhusiwa kutafuta unga ndani ya bahasha. Hakuruhusiwa kusoma maneno. Bidhaa na siri zilikuwa katika bahasha moja, na sheria iliweza kuzitenga.

Tena mahakama ilikubali kwamba hata mpakani kuna ngazi. Mwaka 1985 iliamua kesi ya mwanamke aliyetoka Bogotá akazuiwa Los Angeles kwa saa 16, naye alikuwa amemeza vifuko 88 vya kokeini. Hapo ilisema ya kuwa kumzuia mtu hivyo kwa ajili ya kilichomo tumboni mwake kwahitaji shaka yenye sababu. Mwaka 2004 iliamua kesi ya tangi la petroli la gari, ambamo bangi ilikuwa imefichwa, ikasema ya kuwa kulifungua tangi hakuhitaji shaka yoyote, maana tangi si mahali pa siri ya mtu. Basi mwili ulikuwa juu ya ngazi na tangi la petroli lilikuwa chini. Kompyuta ilipofika mpakani, kazi ya majaji ilikuwa kuamua iwekwe wapi.

Jibu la kwanza kubwa lilitoka California. Julai 2005 msafiri mmoja aliyetoka Ufilipino alifunguliwa kompyuta yake katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, zikaonekana picha za kudhulumu watoto. Mwaka 2006 jaji wa kwanza alikataa ushahidi huo. Alisema ya kuwa kompyuta ni kama nyongeza ya kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu haifunguliwi pasipo sababu. Mwaka 2008 mahakama ya rufani iliipindua hukumu hiyo: kompyuta ni chombo kama mkoba, na mkoba hufunguliwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2013, mahakama hiyo hiyo ya rufani ilirudi nyuma hatua moja. Ilisema ya kuwa kuitazama kompyuta juu juu hakuhitaji shaka, lakini kuichimba kwa mitambo, hata kufufua yaliyokwisha kufutwa, kwahitaji shaka yenye sababu. Hoja yake moja yafaa kukumbukwa na kila msafiri: mtu huweza kuamua nini atie katika sanduku na nini aache nyumbani, lakini katika kompyuta hata alichokitupa huenda bado kimo.

Msomaji aweza kusema: Hawa ni wahalifu, wafunguliwe. Neno hili lina uzito, wala si haki kulipuuza. Picha za watoto waliodhulumiwa hupita mpakani ndani ya mashine hizi, na hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kutamani zipite salama. Lakini yapasa kuelewa jinsi sheria ifanyikavyo. Mtu aliyekutwa na uovu hushtakiwa, naye hupata nafasi ya kuuliza mahakamani kama upekuzi ulikuwa halali. Mtu ambaye hakukutwa na kitu hurudishiwa mkoba wake, akaenda zake na haya yake moyoni. Hana kesi, hana jaji, wala jina lake haliandikwi katika vitabu vya sheria. Kwa hiyo kanuni iwahusuyo wote hufanywa mbele ya sura ya aliye mbaya, na walio wema huipokea bila ya kuonekana.

Mara moja moja mtu mwema huonekana. Mwezi wa Mei 2010 mwanafunzi mmoja wa masomo ya Kiislamu, raia wa Marekani aliyekuwa akitafuta shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Kanada, alikuwa katika garimoshi litokalo Montreal kwenda New York. Maafisa waliifungua kompyuta yake wakakuta picha za mikutano ya Hamas na Hizbullah, ambazo alizikusanya kwa ajili ya masomo yake. Akatiwa pingu, akahojiwa kwa saa kadhaa, na kompyuta ikakaa mikononi mwa serikali siku 11. Hakushtakiwa kwa lolote. Alipokwenda mahakamani, jaji aliitupa kesi yake siku ya mwisho ya mwaka 2013, akaeleza, pamoja na mambo mengine, ya kuwa si busara mtu kuchukua siri zake katika mashine na kuvuka nayo mpaka. Shauri hilo la jaji ni la kweli kama shauri la dunia. Kama hukumu lina upungufu: aambiwaye asichukue siri safarini amekwisha kuambiwa ya kuwa siri zake hazina mlinzi.

Mwaka uliofuata jambo la ajabu lilitokea. Juni 2014 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua katika kesi ya Riley kwamba polisi akimkamata mtu barabarani hawezi kupekua simu yake bila hati, hata kama aweza kupekua mifuko yake. Serikali ilikuwa imedai ya kuwa simu na pochi ni mamoja. Jaji Mkuu John Roberts alijibu kwa mfano: kusema hivyo ni kama kusema ya kuwa safari ya farasi na safari ya mwezini ni moja kwa kuwa zote mbili zamtoa mtu hapa na kumfikisha pale. Hivyo mtu aliyekamatwa kwa shaka ya uhalifu akawa na hodi yake, na msafiri asiyeshukiwa kwa lolote, arudiye kwao kutoka arusini, hana.

Idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani ilijiwekea taratibu, na amri yake ya Januari 2018 yaeleza mambo waziwazi. Upekuzi wa mkono, yaani afisa kufungua na kusoma kwa macho yake, hauhitaji shaka yoyote. Upekuzi wa mitambo, yaani kuiunga mashine na chombo kingine ili kunakili au kuchambua yaliyomo, wahitaji shaka yenye sababu au hofu juu ya usalama wa taifa, pamoja na kibali cha mkubwa wa kazi. Afisa hana ruhusa ya kuvuta yale yaliyohifadhiwa mbali kwa intaneti. Aishie katika yaliyomo ndani ya chombo. Chombo chaweza kuzuiwa, kwa kawaida si zaidi ya siku tano, lakini muda huo huweza kuongezwa. Raia akikataa kutoa neno la siri hawezi kunyimwa kuingia nchini mwake, ila chombo chake chaweza kubaki. Mgeni akikataa, kukataa kwake kwaweza kuhesabiwa katika kuamua kama ataingia au atarudishwa.

Hesabu nazo zasema. Katika mwaka wa fedha wa 2017 idara hiyo ilitangaza upekuzi 30,200. Katika mwaka wa 2024 ulipita 47,000. Serikali hueleza ya kuwa idadi hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na wasafiri zaidi ya milioni 400 wapitao kila mwaka, na hesabu yake ni sahihi. Lakini uhuru haupimwi kwa idadi ya milango iliyovunjwa peke yake. Hati ya msaada nayo haikutumiwa katika kila nyumba ya Boston. Kilichowaudhi watu ni kujua ya kuwa hakuna nyumba ambayo haikuweza kuingiwa.

Na ilikuwa Boston tena ambapo shauri hilo lilirudi. Septemba 2017 watu 11, kumi wao wakiwa raia wa Marekani na mmoja mkazi wa kudumu, waliishtaki serikali katika mahakama ya mji huo kwa sababu ya simu na kompyuta zao kufunguliwa mipakani. Hakuna aliyekuwa ameshtakiwa kwa kosa. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke Mwislamu aliyepinga simu yake kutazamwa na wanaume, kwa kuwa ilikuwa na picha zake na za binti zake wasiojitanda ushungi. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Sitara ya nyumba si ukuta wa mawe tu. Ni ahadi kwamba aliye ndani ataonwa na wale aliowaridhia. Mama huyo aliichukua sitara yake mkononi, na mpakani ikahesabiwa kuwa mzigo.

Novemba 2019 jaji wa Boston aliwapa ushindi wa sehemu: akasema ya kuwa upekuzi wa aina zote mbili wahitaji shaka yenye sababu kwamba ndani ya chombo mna kitu kilichopigwa marufuku. Februari 2021 mahakama ya rufani ya mji huo huo iliipindua hukumu hiyo, na Juni 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi. Miaka 260 baada ya Otis, watu wa Boston wakashindwa tena. Lakini kama vile kushindwa kwa 1761 hakukuwa mwisho, huku nako hakukuwa mwisho. Mwezi wa Mei 2023 jaji mmoja wa New York alihukumu ya kuwa simu ya raia haifunguliwi mpakani bila hati ya hakimu, isipokuwa katika mambo ya haraka. Na mwaka 2024 jaji mwingine wa New York akasema maneno ya namna hiyo. Mahakama za rufani nazo zimegawanyika, na hadi mwisho wa 2024 Mahakama ya Juu ilikuwa haijaamua.

Nchi nyingine zimekwenda njia zao. New Zealand, kwa sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2018, humtoza faini isiyozidi dola 5,000 za nchi hiyo msafiri akataaye kufungua chombo chake, lakini humtaka afisa awe na shaka yenye sababu kwanza. Uingereza, kwa sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, huruhusu msafiri azuiwe na kuhojiwa bandarini hata pasipo shaka. Ilipotumiwa Agosti 2013 katika uwanja wa Heathrow kumzuia kwa saa tisa mtu aliyechukua maandishi ya mwandishi wa habari, mahakama ya rufani ilisema mwaka 2016 ya kuwa sheria hiyo haikuwa na kinga ya kutosha kwa kazi ya waandishi. Kanada imetoa somo lililo wazi kuliko yote. Oktoba 2020 Mahakama ya Rufani ya jimbo la Alberta ilikitazama kifungu cha sheria ya forodha kilichoruhusu afisa kukagua bidhaa, ikasema ya kuwa kifungu hicho hakiafikiani na katiba kikitumiwa bila mpaka juu ya simu na kompyuta. Neno bidhaa lilikuwa limetwikwa mzigo lisioweza kuubeba.

Hapo ndipo shina la jambo lote lilipo. Sheria ya forodha iliumbwa kwa ajili ya vitu: robota, pembe, pipa la asali, kifuko cha unga. Vitu vya namna hiyo huvuka mpaka mara moja, na asiyevishika pale mlangoni amevikosa. Maandishi hayako hivyo. Maandishi yaliyo katika kompyuta yaweza kuvuka mpaka kwa intaneti bila ya mwenyewe kuondoka kitini, wala forodha haiyaoni. Basi kumzuia msafiri mpakani ili kuyazuia maandishi ni kama kuziba mlango wa nyumba isiyo na kuta. Faida yake kwa dola ni ndogo kuliko faida ya kufungua sanduku, na hasara yake kwa mtu ni kubwa zaidi. Kwa picha za uovu na mipango ya kudhuru watu hapana budi njia iwepo, na njia ipo: ni shaka iliyoelezwa mbele ya hakimu. Otis alikwisha kuikubali.

Tena kompyuta haina siri za mwenyewe peke yake. Mwanasheria huchukua siri za mteja, daktari siri za mgonjwa, mwandishi siri za aliyemwamini. Mwanachuoni wa Kiswahili aendaye mkutanoni Marekani huchukua sauti za wazee waliomweleza mambo ya ukoo, majina ya waliosema naye kwa masharti ya kutotajwa, na mashairi aliyopewa na wenyewe ili ayatunze asiyaeneze. Vitu hivyo vina jina katika lugha yetu, nalo ni amana. Aliyepewa amana hana ruhusa ya kuifungua mbele ya mtu wa tatu kwa kuwa yeye amechoka kusimama katika mstari. Lakini mgeni akikataa, huenda akarudishwa na ndege ijayo. Hivyo hulazimishwa kuchagua baina ya safari na amana; na wengi, kwa hekima, huenda na mashine tupu. Hekima hiyo ina gharama yake: elimu iliyokusudiwa kukutana na elimu nyingine hubaki nyumbani.

Wala haifai tulione jambo hili kuwa la Wamarekani tu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 yahifadhi nafsi ya mtu, maisha yake ya binafsi, familia na maskani yake, pamoja na mawasiliano yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yalinda faragha kwa maneno yaliyo mapana zaidi. Maneno hayo yameandikwa. Siku moja msafiri ataombwa neno la siri la kompyuta yake Namanga au Horohoro, na mahakama zetu zitaulizwa swali lile lile: Je, hili ni robota au ni maskani? Yafaa tulifikiri kabla ya siku hiyo, wakati ambapo hakuna mtu mbaya amesimama mbele ya jaji kututia hasira.

Historia yatuonyesha ya kuwa dola iliyotaka kuwa huru haikuukataa upekuzi, bali iliupa adabu. Iliiacha merikebu ifunguliwe kwa shaka ya afisa, na nyumba ifunguliwe kwa hati ya hakimu. Adabu hiyo haikuhusu matofali na dari. Ilihusu maisha yaliyokuwa chini ya dari. Maisha hayo yakihamia katika mkoba, na adabu yapasa ihame nayo. Bawabu na abaki mlangoni, maana kazi yake ni ya lazima. Ila akifika penye kizingiti cha nyumba ya mtu, hata ikiwa nyumba yenyewe ni ndogo kiasi cha kupakatwa, naye apige hodi.